Fundi wa Makaa Macho

Kofi lake la kwanza lilinikuta nimeinama juu ya kinu, nikitwanga makaa. Sikuliona likija. Nilisikia mlio tu, kisha nikajikuta nimekaa chini, mchi uko kando, mdomo umejaa vumbi jeusi. Kosa langu lilikuwa moja: nilikuwa naimba.

"Nyamaza!" alisema. "Makala inasema, weye unaimba. Nitasikia nani?"

Mkono mmoja alikuwa ameshika kikombe cha bati chenye maji, amekibana sikioni. Nilidhani nimeajiriwa na mwendawazimu. Nilikuwa na wiki moja tu kiwandani, na nyumbani, mtaa wa Kadutu, nilikuwa na watoto wawili na mume aliyekwenda kuchimba dhahabu upande wa Mwenga, akawa haandiki wala harudi. Nilifuta mdomo nikaendelea kutwanga.

Nimeanza na kofi kwa sababu yeye ndivyo alivyoanza na kila mtu. Waliofanya kazi katika kiwanda kile, wakimkumbuka, hushika shavu kwanza ndipo wacheke. Tulimwita Fundi, wengine Fundi wa Makala, maana Bukavu makaa ni makala. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye karatasi za ofisi, na sitaliandika hapa. Mimi simcheki. Nilimtendea kosa, likasababisha avunjwe mkono, na kwa miaka mingi nikalificha. Basi msomaji ajue tangu mwanzo kwamba anayemsimulia si mtu safi. Aliniumiza, ni kweli. Nami nilimuumiza zaidi.

Kiwanda kilichemsha misonobari. Malori yaliteremsha magogo kutoka vilima vya Kabare, mashine ikayakatakata, na vipande vikapikwa pamoja na soda katika matangi ya chuma mpaka vikawa laini kama uji mzito. Humo ndimo yalimotoka makatoni ya kufungia chai. Yaliyobaki ni maji ya rangi ya kahawia, yenye povu, na harufu nzuri sana. Hiyo harufu ndiyo iliyotudanganya wengi. Msonobari una utomvu, na ndani ya utomvu mna asidi ambazo Fundi alizijua kwa majina marefu ya Kifaransa. Alipochoka kuyataja alisema tu "dawa ya kuua samaki". Samaki akiyavuta maji yale, hageuki mara mbili. Na maji yale yalikuwa na njia moja tu ya kwenda: kijito kilichoshuka hadi ziwani, kikipita kwa wanawake waliofua nguo, kikipita kwenye mabwawa ya tilapia ya Kapiteni mmoja wa jeshi, kikipita kwenye vibustani vya sombe na amarante, yaani kisamvu na mchicha.

Kazi ya Fundi ilikuwa kusimama kati ya msonobari na kijito.

Silaha yake ilikuwa makaa, lakini si makaa haya ya kuchemshia maharage. Alitaka makaa ya maganda ya mbegu za mawese, ambayo ni magumu. Sisi wanawake sita tuliyatwanga na kuyachekecha. Kisha aliyaingiza katika bomba nene la chuma juu ya moto, yakaiva mpaka yakawa mekundu, na hapo akayapulizia mvuke kutoka kwenye boila, siku tatu mfululizo. Makaa yasiyopita kwenye mvuke aliyaita makaa yaliyolala. Yaliyopita aliyaita makaa macho. Kwa jicho huwezi kuyatenganisha: yote meusi, yote vumbi. Kwa hiyo magunia ya makaa macho aliyafunga uzi mwekundu, na kabla ya kuyafunga aliyajaribu. Alichukua kiasi cha kubana kwa vidole, akakitia katika kikombe cha maji, akasikiliza. Makaa macho yanaguna. Yana vitundu visivyohesabika, na hewa ikitoka humo hutoa sauti nyembamba ya kuchemka. Yaliyolala yanaelea kimya. Siku moja, nilipokuwa nimeshazoeleka, alinipa kikombe.

"Weka ku sikio. Unasikia?"

"Nasikia, Fundi. Kama mafuta ku karai."

"Njo ile. Kila katundu iko na njaa. Utomvu ikipita, inakamatwa." Akanitazama kwa furaha ya mtoto, kisha akakumbuka yeye ni nani, akanifokea nirudi kinuni.

Matangi yake yalikuwa mawili, moja juu ya jingine kwenye mteremko. La kwanza lilijazwa makaa macho mapya kila baada ya wiki mbili, nalo lilinasa sehemu kubwa ya utomvu. La pili halikubadilishwa kamwe. Humo makaa yalikuwa yameota utelezi wa kijani, na katika utelezi ule, alisema, mnaishi wadudu wadogo ambao hata kwa miwani hawaonekani. Makaa huwashikia chakula, wao hukila polepole, wakakigeuza kitu kingine kisichoua. "Ya kwanza inakamata, ya pili inakula," alisema, na ole wako ukigeuza maneno hayo. Tulimcheka kisirisiri. Mtu mzima, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani, anafuga wadudu wasioonekana!

Zihindula, kijana wa boila, hakucheka kisirisiri. Yeye alilisafisha tangi lenyewe. Ilikuwa tunangojea ukaguzi, wote tumeambiwa kila kitu king'ae, naye akaingia tangi la pili na sabuni ya unga na brashi, akautoa utelezi wote, akatoka akijisifu. Fundi alipofika alimshika shingo, akamvuta hadi bwawa la maji machafu, akamzamisha kichwa.

"Kunywa! Unakunywa? Kunywa basi! Batu ba kule chini, njo ile banakunywaka sasa, juu yako!"

Wanaume wanne ndio waliomtoa mikononi mwake. Zihindula alitapika siku mbili. Fundi kwa upande wake alifunga mlango wa maji mwezi mzima, mpaka utelezi ukaota tena, na kiwanda kikasimama. Wakubwa walimtishia kumfukuza. Aliwaambia wamfukuze, lakini yule atakayefungua mlango ule kabla ya wadudu kurudi, yeye atamngojea njiani. Hawakumfukuza. Nadhani walimwogopa, na pia hapakuwa na mwingine aliyejua.

Zihindula alipopona ni Fundi aliyempelekea nyumbani kwao kuku na maziwa. Aliketi kando ya kitanda chake akamlisha kwa kijiko kama mgonjwa wa kifalme, huku akimtukana. Hapo ndipo mtu alipokuwa mgumu kumwelewa. Alipiga kama mtu asiye na Mungu, na Jumapili aliimba besi mpaka viti vikatetemeka. Lakini komunyo hakupokea ovyo. Alikuwa na sheria yake: wiki aliyompiga mtu, hagusi meza ya Bwana. Kwa miaka sita niliyomjua kiwandani nilimwona akipanga mstari mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa ametoka kuugua malaria.

Nyumbani hakupiga. Nyumbani alipigwa. Mke wake, mwanamke mfupi asiyefika begani kwake, alikuja siku moja hadi getini na mwiko wa ugali, akampiga nao mgongoni mbele yetu sote kwa sababu alikuwa amewapa wageni wa njiani chakula cha watoto. Fundi aliinama kumrahisishia. "Pole, maman," alisema. "Pole, nimekosa." Tulikaa wiki nzima tukiigiza ile "pole, maman". Aliyekamatwa akiigiza alipigwa.

Na tena alijua kucheza. Enzi zile kila kampuni ilikuwa na kikundi cha animation, cha kuimba na kumchezea Rais na chama, na ukikataa unatafutiwa jina. Sisi tulikwenda kwa uchovu. Fundi alikwenda kwa moyo wote. Mwili ule mzito, ukivaa kitambaa cha kijani, ulilegea kiuno kama hauna mfupa. Alituongoza. Alipocheza hakumpiga mtu, kwa hiyo tuliomba mazoezi yawe mengi.

Lakini chombo chake cha kweli kilikuwa beseni. Liliwekwa kando ya tangi la pili, limejazwa maji yaliyokwisha kuchujwa, na ndani yake vitilapia vitano vya ukubwa wa kidole. Kila asubuhi alitia maji mapya. Vikifika jioni vinaogelea, alifungua mlango wa maji kwa mkono wake mwenyewe. Kimoja kikipinduka tumbo juu, hafungui, na sisi tunalala na makaa mpaka ajue kwa nini. Wakubwa wa kwanza, Wazungu, walikuwa na mashine ya kupimia. Iliharibika, wakaondoka, beseni likabaki.

Walipoondoka kiwanda kilipewa mwananchi, kama ilivyofanywa kwa maduka na mashamba mengi wakati ule. Mwenye Kiwanda wetu alikuwa muuza vitenge. Hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Hakujua tu alichopewa, na aliona aibu kuuliza. Siku ya tatu aliwakuta wanawake sita wakitwanga makaa, akashangaa.

"Munatwanga makala ya nini? Makala ni makala! Ku soko iko ya bei ya chini!"

Fundi alimshika ukosi wa abacost yake, ile nguo ya wakubwa isiyo na tai, akamburuta hadi kwenye beseni, akamwinamisha mpaka pua ikagusa maji.

"Salimia," alimwambia. "Huyu njo patron. Weye na mimi tunatumika kwake."

Sisi tulijifanya hatuoni. Mwenye Kiwanda alijipangusa, akatabasamu, akasema Fundi ana ucheshi. Mtu akitabasamu vile baada ya kudhalilishwa mbele ya watumishi wake, ogopa. Alimbakiza kazini kwa kuwa alimhitaji. Lakini lile jambo aliliweka moyoni.

Sasa nifike kwenye sikio langu.

Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimekuja na homa, mtoto wangu wa pili alikuwa na surua, na nilichekecha vibaya; chembe kubwa zikapita pamoja na ndogo. Fundi alizigundua. Alininyang'anya chekeche mikononi, akanipiga nalo upande wa kushoto wa kichwa, fremu ya mbao yote. Nilisikia kama chungu kimepasuka ndani. Damu ilinitoka sikioni ikaingia kifuani. Wenzangu watano walisimama na michi yao. Mmoja, Furaha, rafiki yangu, alisema kwa sauti ndogo, "Fundi, huyu ni mama wa batu." Naye akajibu kwamba samaki nao ni watoto wa mtu.

Upande ule sisikii vizuri hadi leo. Sikulia pale. Nililia nyumbani, si kwa maumivu bali kwa kuwa nilijua kesho nitarudi.

Kesho yake alinipa mimi kazi ya kujaza tangi la kwanza. Nadhani ilikuwa namna yake ya kuomba msamaha, maana kazi hiyo hakumwachia mtu. Komisa wa zone, mkuu wa wilaya, alikuwa anakuja kutembelea kiwanda Jumamosi, na yeye alihitajika uwanjani kuongoza mazoezi ya kucheza.

"Uzi mwekundu tu," alisema bila kunitazama usoni. "Unajua."

Nilijua. Nilisimama katika ghala mbele ya safu mbili za magunia, zenye uzi na zisizo na uzi, sikio linanipiga kama ngoma, na nikachukua zisizo na uzi. Sikuchanganyikiwa wala sikukosea. Nilibeba magunia kumi na manne ya makaa yaliyolala, moja moja, nikayamwaga tangini, na kila moja nilipolimwaga nilijisikia nafuu. Nia yangu ilikuwa hii: samaki wa beseni watakufa, Fundi atakuta makaa yake aliyoyasikiliza yameshindwa, ataaibika mbele ya Komisa. Aibu tu. Mlango wa maji hautafunguliwa, kwa kuwa haufunguliwi samaki wakifa. Niliutegemea ukali wake uwalinde watu wa chini. Nilimtegemea yeye yule niliyekuwa namharibu.

Jumamosi asubuhi maji yalipita tangi la kwanza bila kuacha kitu, yakashuka la pili na utomvu wote, na wadudu waliozoea mabaki wakapewa sumu nzima kwa siku moja. Bwawa la mwisho, ambamo maji hungojea mlango kufunguliwa, likajaa povu hadi ukingoni. Fundi alikuwa ametia maji mapya katika beseni, akaenda uwanjani kwa kitambaa cha kijani. Mwenye Kiwanda alikuja kukagua njia atakayopita Komisa, akaliona lile povu, akashika pua.

"Toeni ile uchafu," alisema.

Hakuna aliyesogea. Furaha alimwambia mlango unafunguliwa na Fundi, jioni. Akaukanyaga mguu wa Furaha akapita, akazungusha gurudumu la mlango mwenyewe, kwa mikono miwili, mpaka mwisho. Nilikuwa hatua kumi. Ningeweza kupiga kelele. Nilifungua mdomo, nikasikia kwamba nikisema neno moja nitalazimika kusema yote, nikaufunga. Beseni lilikuwa pale kando ya mguu wake. Vitilapia vitatu vilikuwa vimeshapinduka.

Komisa alikuja, akachezewa, akala, akaondoka. Saa tisa mchana wakaja askari.

Walikuwa sita, na Kapiteni mbele. Nyuma yake mmoja alibeba kikapu, akakimwaga katikati ya uwanja: tilapia, wakubwa kama kiganja, macho meupe, wengine bado wanapigapiga. Tulikuwa tumesimama kwa mistari, nguo za kijani bado mwilini.

"Mabwawa tatu," Kapiteni alisema. Hakupaza sauti. "Yote. Nani alifungula ile mayi?"

Mwenye Kiwanda alikuwa wa kwanza kusema. "Mon capitaine, hii mambo ya mayi iko mikononi ya Fundi. Makala yake iliharibika."

Fundi alikuwa ameiacha mistari, amekimbilia beseni. Vyote vitano vilikuwa tumbo juu. Alivigusa kwa kidole kimoja kimoja. Nilimwona uso wake, na sitausahau. Mtu aliyekuta mke wake kitandani na jirani hatazami vile. Aliyaamini macho yake: makaa yake yameua. Alirudi akasimama mbele ya Kapiteni.

"Makala ni yangu," alisema. "Mi njo nilitengeneza."

Walimwangusha kwa kitako cha bunduki nyuma ya magoti. Mwanzoni alipigana, ni mtu aliyezoea kupigana. Mmoja wa askari alitoka na pua iliyovunjika, na hilo liliwachukiza wengine. Walimpiga kwa mikanda, kwa buti, kwa fimbo, wakimwambia kwa Lingala alale chini, na yeye alikuwa ameshalala. Kitambaa cha kijani kilichanika, mgongo ukawa mwekundu na mweusi. Mke wake alifika getini wakamzuia kwa mtutu. Nilisikia sauti yake kwa sikio moja.

Kisha Kapiteni akauliza ni mkono gani unaotengeneza makala. Mwenye Kiwanda akajibu: wa kuume. Wakakigeuza kinu kimoja, kikawa meza. Kilikuwa kinu changu. Wakaulaza mkono juu yake, wawili wakamkalia, wa tatu akainua bunduki na kuishusha kitako mara nne. Mara ya kwanza alipiga ukelele. Mara ya pili alisema, "Niliisikia. Niliisikia ikisema." Tulidhani anaweweseka. Mimi peke yangu nilijua anasema nini: kwamba aliyasikiliza makaa yale katika kikombe, yaliguna, na sasa anashindwa kuelewa.

Mistari yote ilikuwa kimya. Nami nilikuwa ndani ya mstari, nimenyamaza kama wengine, isipokuwa kimya changu kilikuwa uongo.

Walimtupa garini. Sijamaliza. Kabla jua halijazama, wengine wakiwa wamekwenda kumfariji mke wake, nilipanda tangi la kwanza na koleo, nikayatoa makaa yote niliyoyamwaga, nikayatupa bondeni. Nikaweka yenye uzi mwekundu, na kwa wiki zote alizofungwa hakuna aliyethubutu kupitisha maji humo. Nilijua kitu cha kwanza atakachofanya akiachiwa ni kuchukua kiasi cha kubana vidole kutoka tangini na kusikiliza. Na ndivyo alivyofanya. Baada ya wiki tatu alirudi, mkono umefungwa matambara, akatia makaa kikombeni kwa mkono wa kushoto. Yakaguna vizuri kabisa. Alisikiliza muda mrefu sana.

"Inasema," alinong'ona. "Inasema na bado inauwa. Basi inaongopa."

Akaweka kikombe juu ya tangi, akatoka getini, hakurudi. Laiti ningeliacha yale ya kulala palepale! Angejua papo hapo kwamba kuna mtu aliyebadilisha. Nilimnyang'anya hata hilo. Kiwanda kilidumu miezi minane baada yake, kikafa kwa mambo mengine.

Nilipata habari zake kwa vipande. Alihamia Mudaka, kijijini kwa mke wake, analima maharage. Nikasikia kwamba chemchemi ya kijiji ilichafuka, wazee wakamwendea awatengenezee pipa la makaa, kwa kuwa sifa zake zilikuwa zimemtangulia. Akawafukuza kwa jembe. Aliwaambia makaa ni uongo, yeye aliua viumbe vya watu kwa uongo huo, hatarudia. Nikasikia pia kwamba nyumbani kwake hawapikii makaa, kuni tu. Na jambo lililonishangaza kuliko yote: hampigi mtu tena. Watoto wa jirani humpanda mgongoni. Furaha aliniletea habari hiyo akicheka, akasema, "Basi waliomupiga balimufunza." Sikuweza kucheka naye. Nilikwenda kuungama kwa padri, akanipa rozari tatu. Nilizisali. Hazikunisaidia kitu, kwa sababu niliyemkosea hakuwa padri.

Miaka ilikuwa imepita kumi na zaidi siku niliposhuka kwenye lori Mudaka, asubuhi ya soko, nikauliza kwa Fundi. Walinionyesha njia ya migomba. Nilimkuta amekaa nje juani, anapukuchua maharage kwa mkono wa kushoto, ule wa kuume umelala pajani, vidole vimeganda vimeelekea ndani. Alikuwa amekonda. Aliniangalia, akaniangalia tena.

"Maman wa kinu," alisema. "Karibu. Sikio iko namna gani?"

Sikutegemea hilo. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima, yakanipotea yote.

"Fundi, nimekuya kusema kitu. Ile siku ya samaki ya Kapiteni. Makala yako haikukuwa mubaya. Mi nilitiya ile ya kulala."

Aliendelea kupukuchua. Ganda moja, la pili. "Gunia gani?" akauliza.

"Ile haikukuwa na uzi. Zote kumi na ine."

"Na kisha? Mi nilirudi, nikasikiliza. Ilisema."

"Nilikuwa nimebadirisha. Jioni ya ile siku, balipokwisha kukupeleka. Nilitupa ya kulala ku bonde, nikatiya ya uzi."

Aliinuka taratibu. Kulikuwa na mpini wa jembe umeegemea ukuta, akaushika kwa mkono wa kushoto. Sikukimbia. Pigo la kwanza lilinipata begani nikapiga magoti. La pili mgongoni. La tatu mkononi, nilipojikinga bila kutaka. Hakuwa na nguvu za zamani, lakini alipiga kwa nia. Mke wake alitoka jikoni akipiga kelele, akamkamata kiuno kwa nyuma.

"Papa! Unauwa mutu! Miaka yote hii haujapiga mutu!"

"Mwachilie," nilimwambia mimi. "Maman, mwachilie."

Mpini ukamponyoka. Alikuwa anahema, machozi na makamasi vinamtiririka, hajifuti.

"Rudiliya," aliniambia.

"Nini, Fundi?"

"Ile umesema. Rudiliya, maman asikie."

Nikasema tena, nikiwa bado magotini: magunia yasiyo na uzi, tangi la kwanza, bonde. Mke wake aliweka mkono mdomoni. Fundi hakumwangalia. Alikuwa amekwenda hadi kwenye uzio wa matete na anaita majirani kwa sauti ile ile ya kanisani, besi, jina kwa jina, waume kwa wake, waje haraka, na wale wazee wa chemchemi waje nao. Wakaja wakifuta mikono, wakidhani kuna msiba. Alinishika kwapa akaniinua, akanisimamisha mbele yao, bega langu limeshavimba.

"Sasa sema," alisema. "Anza ku mwanzo. Usiache kitu."

Nikasema. Aliyechelewa kufika, Fundi aliniamuru nianze upya. Nilisema mara tano, mara sita, mpaka sauti ikakauka, mbele ya watu nisiowajua walionitazama kwa chuki niliyostahili, naye pembeni yangu ameuinua ule mkono uliovunjika ili wote wauone, analia na kucheka kwa pamoja, akiwauliza mmoja mmoja:

"Umesikia? Haikukuwa makala. Umesikia weye? Makala yangu ilikuwa muzuri."